Diski huzeeka, sauti za wazee zisizeeke nazo

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walipolinena neno hilo, daftari lilikuwa la karatasi, na adui zake walikuwa mchwa, mvua na moto. Siku hizi daftari la nyumba nyingi limehamia ndani ya mashine. Humo mna picha za harusi, hati za viwanja, vyeti vya watoto, barua, na sauti za wazee waliokwisha kututangulia. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliokwisha kujiuliza: je, daftari hilo jipya nalo halina mchwa wake?

Mwandishi wa safu hii alilazimika kujiuliza swali hilo mwezi Machi 2024, usiku, akiwa na bisibisi mkononi na jasho usoni. Ndugu msomaji, naomba nikusimulie yaliyonipata. Sikusudii kujisifu, kwa maana hapana la kujisifia. Nataka yasikufike nawe.

Mwaka 2014 nilinunua kompyuta kuukuu ya mezani, nikaitia diski mbili za terabaiti 2 kila moja, nikaifanya kuwa seva ya nyumbani, yaani ghala la kumbukumbu linalofikiwa na kila kompyuta na simu ya nyumbani. Diski hizo mbili zilipangwa kwa namna ya kioo: kila kinachoandikwa katika ya kwanza huandikwa vile vile katika ya pili, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi.

Ghala hilo lilifanya kazi kwa muda wa miaka kumi katika hewa yetu ya pwani ya Tanga, yenye joto, unyevu na chumvi. Umeme ulikatika na kurudi mara zisizohesabika. Ilipofika mwaka 2024, diski zilikuwa zimezunguka zaidi ya saa 70,000, nafasi ilikuwa imejaa kwa asilimia 90, na diski mojawapo ilianza kutoa mlio mfano wa mtu agongaye kucha juu ya meza.

KIFAA CHENYE KUZUNGUKA

Hapana budi kueleza kwanza kifaa chenyewe. Diski ya kawaida ni sahani zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, kwa umbali ulio mdogo kuliko punje ya vumbi. Diski ya kwanza ya namna hii iliyouzwa ilitolewa na kampuni ya IBM nchini Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, uzito wake ulikaribia tani moja, nayo ilichukua herufi milioni 5 tu. Diski yangu kuukuu, inayoenea katika kiganja, inachukua mara 400,000 ya hizo. Maendeleo hayo ni makubwa mno, lakini jambo moja halikubadilika: kitu chenye kuzunguka huchakaa.

Je, diski hutoa onyo kabla ya kufa? Mara nyingine hutoa, mara nyingine haitoi. Wataalamu wa kampuni ya Google walitangaza mwaka 2007 matokeo ya uchunguzi wao juu ya diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishaanza kuonyesha kasoro katika kusoma, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 huongezeka mara nyingi. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote katika hesabu zake za ndani. Kwa hiyo mwenye kusikia mlio na ashukuru, maana amepigiwa hodi. Wengi hawapigiwi.

KOSA LENYEWE

Nilinunua diski mbili mpya za terabaiti 8. Mpwa wangu, kijana afanyaye kazi za kompyuta, alipopata habari alinipigia simu. "Shikamoo mjomba," alisema. "Usizifungue kabla sijafika. Na zile za zamani, umeziandika ipi ni ipi?" Nikamjibu kwamba nimezijua miaka kumi, sihitaji kuziandika. Wala sikumngoja.

Mashine ilikuwa imeniambia kwamba diski iliyo mgonjwa ni ile ya tundu la kwanza. Nikadhani tundu la kwanza ni la kushoto. Nikazima, nikachomoa diski ya kushoto, nikaweka mpya mahali pake, nikawasha, nikaamuru kazi ya kunakili ianze. Nikaenda kula.

Niliporudi baada ya saa mbili nilikuta kioo cha kompyuta kimejaa maonyo. Waya za mashine ile zilikuwa zimepishana: tundu la kwanza lilikuwa la diski ya kulia. Nilikuwa nimechomoa diski nzima, nikaacha ile mbovu iwe mwalimu wa diski mpya, nayo ilikuwa ikishindwa kusoma somo lake yenyewe. Mafaili matatu yalitajwa kuwa yameharibika. Mawili yalikuwa picha za kawaida. La tatu lilikuwa sauti ya marehemu mama yangu, iliyonaswa katika kaseti mwaka 1983, akieleza asili ya ukoo wetu na majina ya wazee waliozikwa mahali ambapo leo hapana hata alama.

Kaseti yenyewe ilikuwa imekwisha kuliwa na ukungu. Nilikuwa na diski nyingine ya nje yenye nakala ya akiba, lakini nakala hiyo ilifanywa mwaka 2016, na kaseti zile zilihamishiwa katika kompyuta mwaka 2018. Kwa muda wa nusu saa hivi niliamini kwamba nimeifuta sauti ya mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kilichoniokoa ni jambo moja tu. Diski nzima niliyoichomoa bado ilikuwa juu ya meza, haijafutwa wala kuandikwa kitu kingine. Mpwa wangu alifika usiku ule ule. Hakunilaumu. Aliizima mashine, akairudisha ile diski katika tundu lililokuwa wazi, nayo mashine ikaitambua na kuchukua kwake vile vipande vilivyokosekana. Alfajiri kazi ilikwisha. Tukaamuru ukaguzi wa kila faili. Makosa yakawa sifuri. Kisha tukalifungua lile faili la tatu, tukasikiliza hadi mwisho, kimya.

MAFUNZO

La kwanza: kabla ya kugusa kitu, andika. Kila diski ina namba yake iliyochapwa juu ya mgongo wake, na mashine huweza kuitaja namba hiyo hiyo. Linganisha namba, usilinganishe kushoto na kulia. Na kama mashine ina tundu la ziada, usichomoe chochote. Unganisha diski mpya kando ya zile za zamani, ili kunakili kufanyike zote zikiwa hai, na mgonjwa atolewe mwisho.

La pili: diski mpya si lazima iwe nzima. Baadhi huzaliwa na ugonjwa na kufa mapema. Yafaa iandikwe yote na kusomwa yote kabla ya kukabidhiwa kitu cha thamani. Kwa diski ya terabaiti 8 yenye mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, kuandika huchukua saa 15 hivi, na kusoma saa nyingine 15. Siku moja na robo si muda mrefu kwa kitu kinachotarajiwa kukaa miaka mingi. Tena ni bora diski mbili za kioo zisitoke katika boksi moja, maana ndugu wa tumbo moja huweza kurithi kasoro moja na kufa kwa kufuatana.

La tatu: uliza aina. Ziko diski ambazo mistari yake ya kuandikia hupandana kama vigae vya paa. Hubeba mengi kwa bei nafuu, lakini zikitakiwa kuandika mfululizo huzorota mno. Mwaka 2020 yalizuka malalamiko mengi ilipobainika kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani zilikuwa za aina hiyo pasipo wanunuzi kuelezwa.

La nne: usishangae nafasi isipoongezeka mara moja. Kioo huwa na ukubwa wa diski iliyo ndogo. Nilipokwisha kuweka diski ya kwanza ya terabaiti 8, ghala lilibaki na terabaiti 2 zile zile mpaka ya pili nayo ilipowekwa. Wala usidhani umepunjwa mashine ikikuonyesha 7.3 badala ya 8: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, na mashine huhesabu kwa 1,024.

La tano: mwili wa mashine nao huzeeka. Diski inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko inapokwisha kushika mwendo, na pawa saplai iliyochoka huweza kushindwa wakati huo huo. Tulibadilisha ya kwetu, tukafuta vumbi lililogandamana na chumvi katika feni, tukaongeza memori kutoka gigabaiti 4 hadi 16, na tukanunua ile betri ya akiba ambayo mafundi huiita UPS, ili umeme ukikatika mashine ipate dakika chache za kujizima kwa adabu. Hatukununua diski za kasi zaidi, kwa sababu waya wa mtandao wa nyumbani hupitisha kiasi cha megabaiti 110 tu kwa sekunde. Gari la mashindano halina faida katika njia ya punda.

KIOO SI AKIBA

Lakini funzo lililo kubwa kuliko yote ni hili: kioo si nakala ya akiba. Fikra ya kuzipanga diski nafuu ili zisaidiane ilipewa jina na sura mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nayo ni fikra njema. Lakini kioo huiga kila kitu, pamoja na makosa. Mwaka 2017 mtoto mmoja nyumbani alifuta mkusanyo wa picha kwa bahati mbaya; diski ya pili ikatii amri ile ile papo hapo. Kioo hakizuii mwizi abebaye mashine nzima, wala moto, wala radi.

Wenye ujuzi hufuata kanuni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Wako watakaosema kwamba heri kuyapeleka yote kwenye makampuni ya nje kupitia intaneti. Si ushauri mbaya kwa mafaili machache. Lakini kuzipeleka terabaiti 1.5 kwa mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde huchukua karibu siku 14 usiku na mchana, na kodi yake hulipwa kila mwezi bila kikomo. Sisi tulichagua njia ya wazee. Ile diski ya zamani iliyo nzima imejazwa sauti, picha na hati zisizo na badala, ikafungwa katika mfuko usiopitisha unyevu, na kukabidhiwa dada yangu huko Moshi. Kila Idi inapotukutanisha, inahuishwa na kukaguliwa.

Ile mbovu hatukuitupa jalalani hivi hivi. Diski itupwayo bila kuharibiwa ni barua iliyoachwa wazi njiani. Nakumbuka kwamba kompyuta ile kuukuu ya mwaka 2014 ilinijia ikiwa bado na orodha ya mishahara ya ofisi iliyoiuza. Niliifuta, lakini si kila mnunuzi angefanya hivyo.

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi hapana makumbusho wala maktaba. Aijuaye historia ya ukoo huwa ni mtu mmoja, na akiondoka hubaki kaseti, picha na karatasi kadhaa. Tunapozihamishia katika mashine tunadhani tumemaliza kazi, kumbe tumeianza. Anayehifadhi ni mlinzi, na mlinzi halali kwa sababu ghala ni jipya.

Basi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tazama leo tarehe ambayo diski yako ilinunuliwa. Andika namba zake. Fanya nakala moja na kuipeleka mbali. Na ikiwa unaye mpwa anayeijua kazi, mngoje afike.