Kalibu ndiyo mtaji: Somo la uhunzi kwa vijana wa Babati

KIJANA wa Nakwa, mjini Babati, anayetaka kujiajiri kwa kazi ya chuma hana haja ya kwenda mbali kutafuta malighafi. Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Singida na Dodoma inapita mjini, na kila gereji ya pembeni mwake huacha nyuma springi zilizokatika, nondo fupi, koki mbovu za maji na makufuli yasiyofungika tena. Mkaa unapatikana, na wateja, yaani wakulima wa mahindi, mbaazi na alizeti, wako jirani.

Wengi hukwama kwa kukosa kalibu, si kwa kukosa chuma. Kalibu ni chombo kigumu chenye umbo maalumu ndani yake, ambamo chuma humiminwa au hushindiliwa, kikatoka na umbo lilelile kila mara. Asiye na kalibu hutengeneza kitu kimoja leo na kingine tofauti kesho. Mwenye kalibu anaweza kupokea oda ya vitu mia na vyote vikafanana.

Mfano wa Marekani

Ukweli huo unaonekana katika kazi ambayo hapa kwetu hairuhusiwi kufanyika nyumbani, nayo ni utengenezaji wa risasi za bunduki. Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa madini na kwa kitu kinachotoka katika mtutu, kwa sababu hapo zamani kitu hicho kilikuwa ni kidonge cha madini hayo tu. Mwaka 1882 Mswisi Eduard Rubin alibuni risasi yenye koti la shaba nyekundu juu ya kiini cha madini laini, ili isiyeyuke wala kuacha uchafu ndani ya mtutu inapokwenda kwa kasi kubwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, risasi za kiraia ziliadimika Marekani. Mwaka 1943, Fred Huntington wa mji wa Oroville, jimbo la California, alianza kutengeneza kalibu za kushindilia risasi ndogo za kuwindia, akitumia maganda matupu ya risasi zilizokwishapigwa kama makoti yake. Kitu kilichokuwa takataka kikawa malighafi.

Cha kujifunza ni kwamba biashara iliyokua kutokana na kazi hiyo, inayojulikana kwa jina la RCBS, ilijijenga kwa kuuza kalibu na zana kwa wawindaji waliotaka kujitengenezea wenyewe. Huntington hakutajirika kwa kuuza risasi mojamoja. Aliyeshika kalibu ndiye aliyeshika soko.

Wahunzi wetu wa Manyara

Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, una wahunzi wake wa siku nyingi. Miongoni mwa Wadatoga, wakiwamo Wabarbaig wa Hanang, uhunzi ni kazi ya koo maalumu. Kwa desturi, koo hizo huoana zenyewe kwa zenyewe na zimekuwa zikitengwa na wafugaji, ingawa wafugaji haohao hawawezi kuishi bila mikuki, visu na mapambo yao. Hali kama hiyo ya kazi ya chuma kubaki ndani ya ukoo ilikuwapo pia kwa Washana wa Upare.

Mhunzi wa Kidatoga huketi chini mbele ya shimo dogo la mkaa, na msaidizi wake hupuliza moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Msumari mrefu wa dukani hutiwa motoni, hufuliwa juu ya fuawe, ukawa kigumba cha mshale. Katika eneo la Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe wamekuwa wakivipata vigumba hivyo kwa kubadilishana na asali na mazao mengine ya porini.

Kufuli bovu na koki ya zamani huyeyushwa katika chungu kidogo cha udongo, kisha shaba humiminwa katika mfereji wa kalibu ikawa fimbo nyembamba. Fimbo hiyo hufuliwa, hukunjwa na kuchorwa nakshi kwa tindo, ikawa bangili. Zamani mnunuzi alikuwa mwanamke wa Kidatoga. Siku hizi watalii wanaofika Eyasi ni wateja wakubwa wa bangili hizo.

Kwa nini msumari haumiminwi kama kufuli? Jibu liko katika joto. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, aluminiamu 660, shaba ya makufuli kati ya 900 na 950 hivi, na shaba nyekundu 1,085. Chuma huhitaji 1,538, ambazo moto wa mkaa na mivukuto ya ngozi haufiki. Kwa hiyo shaba humiminwa, lakini chuma hulainishwa kikafuliwa kingali chekundu.

Sheria haina mzaha

Mhunzi anayeweza kufua kigumba anaweza kushawishiwa kutengeneza gobore au risasi zake. Asithubutu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha au risasi bila leseni. Nchini, kazi hiyo ni ya taasisi za ulinzi kama Shirika la Mzinga la Morogoro, wala si ya karakana ya uani. Vilevile, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka uwindaji ufanywe kwa kibali, hivyo soko la mishale nalo si la kutegemea kwa mtu anayetaka kupanua biashara.

Mbali na jela, kuna sumu. Mvuke na vumbi la risasi huingia mwilini kimyakimya na huharibu ubongo wa mtoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathirika kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa sababu hiyo, betri ya gari isifunguliwe wala kuyeyushwa nyumbani, hata kama lengo ni kupata vizamishio vya nyavu tu.

Hata shaba ya makufuli ina zinki, na moshi wake mweupe huleta homa na kifua kubana. Kazi hiyo ifanyike nje, mhunzi akiwa upande unakotoka upepo, na watoto wakiwa mbali.

Soko liko shambani

Mfano mzuri wa kalibu na faida yake uko karibu na Babati. Katikati ya miaka ya 1980, Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mkoani Arusha mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Mtu husukuma mpini mrefu, pistoni inashindilia mbegu ndani ya bomba, mafuta yanachuruzika katikati ya vipande vya chuma na mashudu yanatokea mbele. Ilifanya kazi vizuri kwa alizeti yenye ganda laini, kama aina ya Record.

Mashine hiyo iliweza kutengenezwa katika karakana za kawaida za hapa nchini. Lakini pistoni ikipwaya ndani ya bomba, mbegu hurudi nyuma, na ikibana mno, mpini hausukumiki. Fundi anayepima kwa macho hawezi kutoa mashine kumi zinazofanana. Hapo ndipo kalibu na vipimo vya kudumu vinapohitajika, ili kipuri cha mashine moja kiingie katika nyingine bila kusumbua.

Kwa kijana anayeanza, si lazima kuanza na mashine. Jembe la mkono linatosha. Tundu la mpini likifinyangwa kuzunguka kiini kimoja cha chuma, mipini yote itaingia sawasawa na mkulima hatalazimika kuchonga upya. Hali ni hiyohiyo kwa meno ya palizi, bawaba za milango na ncha za jembe la kukokotwa na ng'ombe.

Malighafi nayo ichaguliwe. Msumari na nondo ya kawaida ni chuma laini, hakikazi hata kikizamishwa majini. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha. Ikipashwa moto hadi kuwa nyekundu na kuzamishwa katika mafuta, hukaza. Kisha ipashwe tena kidogo ili isivunjike kama kioo. Panga na ncha za jembe zinataka springi, lakini bawaba haina haja nayo.

Kabla ya kupanga bei, fundi apime vitu vinne: uzito wa chuma chakavu alichonunua, mkaa ulioteketea, saa alizotumia na bidhaa zilizoharibika. Gharama ya kalibu igawanywe kwa idadi ya bidhaa inazotarajiwa kutoa. Wengi huhesabu chuma na mkaa tu, wakajikuta wanauza jasho lao bure.

Mafunzo yanapatikana. Shirika la SIDO lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA hufundisha ufundi wa chuma na uchomeleaji. Lakini elimu ya moto, rangi ya chuma na wakati wa kupiga nyundo wanayo pia wahunzi wa Kidatoga, ambao jamii imezoea kuwatenga. Vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo ya halmashauri vingefanya vyema kuwaingiza wahunzi hao kama walimu na wabia, na fedha za kwanza zinunue kalibu kabla ya mabati ya banda.