Modemu ya Nyumbani Yataka Ulinzi

Chombo kidogo kiletacho intaneti nyumbani mwako, yaani modemu, kina mambo mawili yakupasayo kuyafahamu.

La kwanza ni masafa. Kama redio, modemu nyingi hurusha mawimbi kwa masafa zaidi ya moja: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta, lakini hugombaniwa na majirani, hata na jiko la maikrowevu. Yale ya 5 yana kasi zaidi, ila hudhoofika upesi yakutanapo na ukuta. Basi chumba cha mbali kitumie 2.4, cha karibu, 5.

La pili ni usalama. Badilisha neno la siri la kiwandani, kisha chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3; ule wa zamani, WEP, wataalamu waliuvunja mwaka 2001.

Aidha, simu ikikuonya kwamba cheti cha tovuti ya benki hakiaminiki, usilazimishe kuingia. Tazama kwanza tarehe ya simu, kwani cheti kina siku ya kuanza na ya kwisha. Tarehe iliyokosewa hukifanya kionekane batili. Ikiwa tarehe ni sahihi na onyo limebaki, ondoka. Akiba ya nyumba ni jasho la miaka; haifai ipotee kwa kubonyeza mara moja.