Mtoto Anayepanda Miamba: Tabia Zinazomwendeleza na Kulinda Vidole Vyake

Vijana wetu wengine siku hizi hupanda miamba kwa kamba, kama pale Lukenya au Hell's Gate huko Naivasha. Wengine hufanya mazoezi kwenye kuta maalumu za ndani. Ni mchezo mzuri: huimarisha misuli na humfundisha mtoto kutuliza hofu. Lakini kijana anayetaka kuendelea haraka hudhani dawa ni kukazana zaidi. Sivyo. Kinachomwendeleza ni tabia anazozirudia kila siku ya mazoezi. Wewe mama au mlezi unaweza kuzisimamia hata kama hujawahi kushika kamba.

Kwa nini vidole?

Mifupa ya mtoto hurefuka kwenye sehemu ya gegedu iliyo karibu na kiungo. Sehemu hiyo bado ni dhaifu. Kijana anayerefuka kwa kasi, hasa kati ya miaka 12 na 16, anaweza kupata ufa hapo polepole, bila kuanguka wala kugongwa. Mara nyingi huumia kidole cha kati, kwenye kiungo cha katikati. Akiendelea kupanda, kidole kinaweza kupona vibaya, kikapinda au kukakamaa.

Tabia za kumjengea

- Apashe mwili moto. Dakika 15 za kukimbia taratibu, kuzungusha mabega na kupanda njia rahisi kabla ya ngumu.
- Atumie miguu. Atazame pa kukanyaga kabla ya kunyoosha mkono. Kadiri miguu inavyobeba uzito, ndivyo vidole vinavyopumzika.
- Asibane sana vidole. Ajifunze kushika kwa vidole vilivyonyooka kidogo, badala ya kuvikunja kwa nguvu na kuvifunga kwa kidole gumba. Mazoezi ya kurukaruka kwa mikono mitupu bila miguu yasubiri hadi amalize kurefuka.
- Apumzike. Baada ya siku ya mazoezi magumu ya vidole, apate angalau siku moja bila kupanda. Mwili hujijenga wakati wa mapumziko.
- Ale na alale. Wapo vijana wanaopunguza chakula ili wawe wepesi. Usikubali. Mifupa inahitaji maharage, mayai, dagaa, maziwa na mboga za majani. Alale saa 8 hadi 10. Binti ambaye hedhi yake imekoma apelekwe kituo cha afya.
- Wakaguane. Kabla ya kila kupanda, yeye na mwenzake anayeshika kamba wakague fundo na mikanda. Kwenye mwamba wa nje, wote wavae kofia ngumu.

Dalili za kutopuuza

Mpumzishe mara moja na umpeleke kituo cha afya ukiona:

- maumivu ya kiungo cha kidole yanayorudi kila akipanda;
- uvimbe, au maumivu ukibonyeza upande wa juu wa kiungo;
- kidole kigumu asubuhi, au hawezi kukunja ngumi vizuri.

Mweleze mhudumu kwamba mtoto anapanda miamba, na uulize kama anahitaji picha ya eksirei. Wakati mwingine picha ya kwanza haionyeshi ufa. Maumivu yakiendelea, rudi. Tatizo likigunduliwa mapema, mara nyingi hupona kwa kupumzisha kidole kwa wiki kadhaa au miezi.

Usikubali kidole kivutwe au kukandwa. Asimeze dawa ya maumivu ili apate kupanda, wala asifunge kidole plasta na kuendelea.

Swali moja kila jioni

Akirudi mazoezini, usiulize tu, "Umefika juu?" Uliza pia, "Vidole vikoje leo?" Kisha mtazame akikunja ngumi. Watoto wengi huficha maumivu kwa kuogopa kukatazwa mchezo. Mwambie mapema: akisema leo atapumzika kidogo, akinyamaza huenda akapumzika muda mrefu.