Kulala Kwenye Maziwa ya Ruwenzori: Tusipande Mbio



Ruwenzori ni mlima wetu. Watu wa Beni wanauona asubuhi, mawingu yakitoka kidogo, mweupe kule juu. Lakini tulipouliza darasani ni nani amekwisha lala juu kwenye maziwa yake, hakuna mkono ulionyoshwa. Basi tulimwendea mzee mmoja jirani yetu, aliyepanda na wazazi wake wakati wa vakanse, mbele ya vita vya mwaka 1996. Wakati ule yeye alikuwa mtoto wa miaka 11, na dada yake miaka 9.

Njia ni hii. Mtu anaanzia Mutsora, kituo cha Parke ya Virunga karibu na Mutwanga. Siku ya kwanza analala Kalonge, metre 2.140 hivi. Siku ya pili anapita katika mianzi mpaka Mahangu, karibu metre 3.300. Siku ya tatu anapita juu ya Ziwa Jeusi na kufika Kiondo, zaidi ya metre 4.200. Mbele kuna Ziwa la Kijani na Ziwa la Kijivu, chini ya barafu. Maji ya upande huu yanashuka kwa mto Butahu, yanaingia Semuliki, halafu Ziwa Albert, mwisho Nile. Kumbe maji ya mlima wetu yanafika mpaka Misri!

Siku ile ya tatu yule dada alianza kulia kichwa. Akakataa chakula, akatapika. Baba alisema: « Tujikaze, ziwa liko karibu. » Lakini mpagazi mmoja, mtu mzima, akamjibu: « Hapana, baba. Mtoto huyu ashuke sasa hivi. » Mama akamfunga mtoto mgongoni, wakarudi Mahangu wote. Asubuhi mtoto akaomba uji.

Kwa nini? Tulisoma habari hii katika jeografia. Kadiri tunavyopanda, hewa inapungua nguvu. Kwenye metre 4.000, pumzi moja inatupatia karibu sehemu sita tu kwa kumi za hewa ambayo mtu wa pwani anapata. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku. Kama mtu anapanda mbio, kichwa kinauma, anatapika, anakosa usingizi. Akizidi kupanda, maji yanaweza kuingia katika mapafu au ubongo, na anaweza kufa. Hata kijana mwenye nguvu anaweza kupatwa. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Tena kuna baridi. Kila metre 1.000 joto linapungua karibu digrii 6. Mchana Butembo ikiwa digrii 24, kule Kiondo ni kama 10, na usiku maji yanaweza kuganda.

Kwa hiyo familia inayolala mlimani ishike haya:

1. Mdogo kabisa atembee mbele, wengine wafuate mwendo wake.
2. Mtoto akilia kichwa asiambiwe ni mvivu. Msipande tena. Akitapika, au akipepesuka, shukeni hata kama ni usiku.
3. Triko na blanketi zifungwe ndani ya bashi, kwa sababu mvua ya kule haiagi. Nguo iliyolowa isilaliwe.
4. Kunyweni maji mengi na chai ya moto, mle hata bila hamu.
5. Msikilizeni mpagazi. Yeye anaujua mlima.

Ndugu, hatusemi mwende leo. Tangu mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yameondoa watu wengi katika vijiji vyao, hata chini ya mlima, na njia hii si ya matembezi ya watoto. Barafu nayo inaisha: mwaka 1906 ilifunika karibu kilometre 7 za mraba, lakini mwaka 2003 haikufika hata moja. Tunaandika ili siku ya amani itukute tumejifunza.

Tulimwuliza mzee kama hasikitiki. Akasema: « Ziwa la Kijani sijaliona mpaka leo. Lakini dada yangu yuko, na ana wajukuu sita. »