Land Rover ya Kikundi Ikivuma

Gari likivuma kama ndege ya mbali, msikubali fundi abadilishe beringi zote nne. Pesa hizo ni za akina mama wa merry-go-round! Tafuteni gurudumu lenyewe. Mlio wa beringi hufuata mwendo wa gari, si injini. Mlio wa difu mara nyingi hubadilika ukikanyaga au kuachilia mafuta. Pinda kidogo kushoto: kelele ikizidi, shuku kulia, maana uzito umehamia huko. Ikibadilika mkitoka lami kuingia murram, huenda ni tairi tu. Halafu zuia magurudumu kwa mawe, piga jeki, weka gogo imara chini ya ekseli. Tikisa gurudumu juu na chini. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Hapo gari lisibebe mgonjwa wala mahindi, gurudumu laweza kung'oka.