JKT: IPI NI LAZIMA, IPI NI YA KUJITOLEA, NA KWA NINI USIMPE MTU HELA

Niko Kibaigwa, kwenye mahindi na malori. Leo nataka tuongee JKT. Kila mwaka majina yakitoka, hapa kwetu maneno yanakuwa mengi kuliko magunia sokoni. Huyu anasema fomu foo wote wataitwa kwa lazima. Yule anasema bila mtu wa kukushika mkono huingii. Mwingine anasema ukimaliza tu unapewa bunduki na mshahara. Mimi nimemaliza sekondari na bado niko kitaa kama wengi wenu, kwa hiyo jambo hili linanihusu moja kwa moja. Nimelifuatilia, na ninaliweka hapa kwa lugha nyepesi ili kila mtu ajue amesimama wapi.

Ukisahau mengine yote, shika hili: JKT ina milango miwili. Mmoja ni wa lazima, mwingine ni wa kujitolea. Vijana wengi tunaichanganya, na hapo ndipo matapeli wanapokula.

JKT NI KITU GANI HASA

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, mwaka na nusu tu baada ya uhuru. Leo liko chini ya Wizara ya Ulinzi na ni sehemu ya JWTZ. Makao makuu yake yako Chamwino, yaani ukipanda basi la Dodoma kutoka hapa kwetu unapita huko kabla hujafika mjini. Kazi zake ni kuwalea vijana kwa nidhamu na uzalendo, kuwapa mafunzo ya awali ya kijeshi, na kuzalisha mali: kulima, kufuga, kujenga. Upande wa biashara unaendeshwa na SUMAJKT, shirika lililoanzishwa mwaka 1981. Ule ukuta wa Mirerani wenye urefu wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti, uliozinduliwa Aprili 2018, ulijengwa na vijana wa JKT pamoja na wanajeshi.

MLANGO WA KWANZA: MUJIBU WA SHERIA

Huu ndio wa lazima. Unawahusu wahitimu wa kidato cha sita. Narudia, kidato cha SITA. Kama umeishia fomu foo na hukuendelea, hakuna mtu anayekuja kukuchukua kwenu kwa mlango huu.

Utaratibu uko hivi. Ukishamaliza mitihani, JKT inatangaza majina na kambi kwenye tovuti yake na kwenye vyombo vya habari. Unaangalia jina lako, unaona umepangiwa wapi, unaripoti kwa tarehe iliyotajwa. Inaweza kuwa Makutupora hapa hapa Dodoma, inaweza kuwa Ruvu kule Pwani, Oljoro Arusha, Mafinga Iringa, Msange Tabora au Bulombora Kigoma. Usishangae kijana wa Kongwa kupelekwa Kigoma. Kuchanganya watu wa makabila na mikoa mbalimbali ni moja ya shabaha za tangu mwanzo. Mafunzo kwa kawaida ni ya miezi mitatu, kisha unarudi uraiani na kuendelea na mambo ya chuo.

Tangazo huja na orodha ya vitu vya kubeba. Vinavyojirudia mwaka hadi mwaka ni bukta ya bluu iliyoiva yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu na inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo, soksi nyeusi, shuka za bluu bahari, nguo za baridi kwa wanaopangiwa mikoa ya baridi, vyeti vyako na nauli. Hapo kwenye nauli na vifaa ndipo wazazi wengi huku kwetu wanapokuna kichwa, maana tangazo linakuja ghafla na mahindi hayajapata bei. Kwa hiyo kama una mdogo wako yuko fomu siksi, muanze kujipanga mapema.

Halafu hili watu hawalisemi sana: matangazo ya JKT yamekuwa yakielekeza wahitimu wenye ulemavu unaoonekana waripoti Ruvu, ambako kuna miundombinu ya kuwahudumia. Na kama una ugonjwa wa kudumu, pumu au kifafa kwa mfano, beba karatasi zako za hospitali umwonyeshe daktari wa kambi siku ya kwanza. Mchakamchaka wa alfajiri si wa kujaribia afya.

MLANGO WA PILI: KUJITOLEA

Huu ndio mlango unaogombaniwa. Hapa anaweza kuomba aliyeishia darasa la saba, fomu foo, fomu siksi, mwenye cheti cha ufundi, hadi mwenye digrii, ila kila ngazi ina ukomo wake wa umri. Mkataba ni wa miaka miwili. Unaanza na mafunzo ya kijeshi: kuruta, kwata, silaha, porini. Ukimaliza unaingia kwenye kazi na stadi: shamba, mifugo, ujenzi, ushonaji, ufundi wa magari, kutegemea na kambi.

Maombi hayapelekwi kambini. Nafasi zikitangazwa unaanzia ofisi ya mkuu wa wilaya au mkoa unakoishi. Kwa sisi wa Kibaigwa maana yake ni kwenda Kongwa, unashuka Mbande unachukua usafiri mwingine. Mnasailiwa, vyeti vinakaguliwa, afya inapimwa. Uwe raia wa Tanzania, mwenye tabia njema, na usiwe umewahi kupatikana na hatia mahakamani.

Sasa kwa nini watu wanagombania kitu kinachoitwa kujitolea? Jibu mnalijua. JWTZ, Polisi, Magereza, Uhamiaji, vyombo hivi vimekuwa vikichukua vijana kutoka makambi ya JKT, au vinataka cheti cha JKT kwenye matangazo yao. Kwa mtoto wa mkulima asiye na mjomba ofisini, huo ndio mlango wa ajira anaouona. Yaani mambo yamepinduka: cha lazima kinawagusa wachache waliofika fomu siksi, cha hiari ndicho kinachowanyima watu usingizi.

Lakini soma tangazo lolote la JKT ya kujitolea mpaka mwisho. Wanasema wazi kwamba JKT haitoi ajira wala haikutafutii ajira ukimaliza mkataba. Wengi tunaishia kwenye tarehe na sifa, sentensi hiyo tunairuka.

Na kuiruka kuna gharama. Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wameondolewa JKT kwa utovu wa nidhamu. Walikuwa wamegoma na kuandamana wakidai ajira jeshini, ajira ambayo walisema waliahidiwa na Rais Magufuli kwa kazi za ujenzi walizofanya. Baadaye walisamehewa. Mimi sisemi nani alikuwa sahihi. Nachosema ni kwamba kijana anayejitolea miaka miwili akiwa na picha ya mshahara kichwani, na jeshi linalomhesabu kama mtu wa mafunzo tu, hao wawili hawakusaini mkataba mmoja.

HII LAZIMA ILITOKA WAPI

Mwanzoni, 1963, JKT ilikuwa ya hiari. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wanaomaliza sekondari, vyuo na chuo kikuu waitumikie miaka miwili kwa lazima. Miezi ya mwanzo kambini, halafu miezi 18 mtu yuko kwenye kazi yake ya kawaida, ofisini au shuleni, akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Iangalieni vizuri hiyo miezi 18. Hakuna gwaride hapo, ni kazi ya kiraia kabisa: ualimu, ukarani, uganga.

Wasomi wakaja juu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Kilichowachoma zaidi ni kukatwa ile asilimia 60, huku wakubwa wanakula mishahara minono. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, na karibu 400 wakafukuzwa chuo na kurudishwa makwao. Ila hapo hapo Mwalimu akatangaza kujikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walikuja kurudishwa chuoni.

Baada ya hapo wazee wetu walipita JKT kwa miaka mingi. Ndiyo maana ukikaa na mstaafu yeyote aliyesoma miaka ya 70 na 80 hakosi hadithi ya kambi na ya operesheni yake. Mwaka 1994 serikali ilisitisha kwa sababu ya hali ya uchumi. Mwaka 2001 ikarudi ya kujitolea, na mwaka 2013, wakati wa Rais Kikwete, ikarudi ya mujibu wa sheria, wabunge vijana nao wakaenda kambini kuonyesha mfano.

JE, KUNA NJIA YA KIRAIA KWA ASIYETAKA BUNDUKI?

Swali hili nililetewa na mshkaji mmoja ambaye imani yake haimruhusu kushika silaha. Wenzetu wa nje wamelijibu kwa namna mbalimbali. Ujerumani, kabla ya kusitisha jeshi la lazima mwaka 2011, kijana aliyekataa silaha kwa dhamiri alipelekwa kufanya kazi hospitalini au kwenye nyumba za wazee. Uswisi wanayo mpaka leo, ila anayekataa silaha anatumikia muda mrefu mara moja na nusu kuliko anayekwenda jeshini. Upande wa pili iko Eritrea, ambako sheria inasema miezi 18 lakini watu wamejikuta wanatumikia miaka na miaka bila kujua mwisho.

Kwetu Tanzania hakuna huduma ya kiraia iliyowekwa pembeni kwa ajili ya anayekataa silaha. Katiba yetu, Ibara ya 25, inakataza kazi ya kulazimishwa, lakini inasema ujenzi wa taifa wa lazima kwa mujibu wa sheria hauhesabiwi kuwa kazi ya namna hiyo. Kwetu ukiraia umewekwa NDANI ya JKT yenyewe, kwenye jembe, matofali na cherehani. Zanzibar wana JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, na jina lenyewe linajieleza. Kenya wana NYS tangu 1964, nao pia waliwahi kuwapitisha huko waliochaguliwa vyuo vikuu, kuanzia mwaka 1984.

Maoni yangu: miezi mitatu ya kidato cha sita ingeweza kuwa na upande wa zahanati, shule za msingi na upandaji miti kwa wale ambao dhamiri zao zinawakataza silaha. Ile miezi 18 ya 1966 inaonyesha kwamba wazo la kulitumikia taifa bila gwaride si geni nchini, tulishakuwa nalo.

UKIKOSA JKT, MAISHA HAYAJAISHA

Kuna mgambo. Mafunzo yanafanyika huku huku kwenye kata zetu chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya, unalala kwenu. Makampuni ya ulinzi yanapenda mtu mwenye cheti cha mgambo au cha JKT. Kuna VETA kwa anayetaka ufundi wa kueleweka. Kuna mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya vijana, ila lazima muwe kikundi kilichosajiliwa. Hivi vyote havina magwanda, lakini vinalipa kodi ya chumba.

SASA HAWA MATAPELI

Familia moja ninayoifahamu hapa iliuza magunia manane ya mahindi wakati bei iko chini, wakampa hela jamaa aliyesema ana "connection" kambini. Alikuwa na picha ya magwanda kwenye simu na alikuwa anajua kuongea. Siku ya kuripoti ilipofika simu haipatikani mpaka leo. Kijana anabeba mizigo sokoni, na mama yake hajui dogo atakula nini msimu ukiwa mbaya.

JKT yenyewe imeshaonya mara nyingi kwamba nafasi haziuzwi. Kwa hiyo tumia kipimo hiki:

1. Akikuambia kuna "mujibu wa sheria" ya fomu foo, ni muongo.
2. Akikuambia lipia fomu kwa simu, ni muongo.
3. Akikuambia usipitie wilayani, yeye anakupeleka moja kwa moja kambini, ni muongo mkubwa.
4. Akikuahidi ajira baada ya JKT, muulize mbona JKT wenyewe hawaahidi.

Nauli ya Kongwa kwenda kuuliza ofisini ni ndogo sana ukilinganisha na gunia moja la mahindi. Nenda ukasome tangazo lilipobandikwa kwa macho yako.

Kama unakwenda, nenda ukijua unafuata mafunzo, nidhamu na cheti, na ajira ikija ni nyongeza. Waliokwisha kupita Makutupora, Ruvu au kokote, tuambieni hapo chini: mlipotoka mlifanya nini? Kuna wadogo zetu wanasubiri majina. Nawakilisha.