Pointi za Gari Kuukuu: Namna ya Kuzibadilisha na Kuzipima

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakukosea. Lakini katika injini ya gari kuukuu upo ufa mmoja ambao ukiuziba gari haliwaki ng'o, na ukiuacha mpana mno gari litakohoa mlimani kama mgonjwa wa kifua. Ufa huo hauzibwi wala hauachwi, bali hupimwa. Nao ni mwanya wa pointi.

Kwa nini niandike habari hii katika gazeti la Chama cha Kiswahili? Kisa chenyewe ni hiki. Babu yangu ana pikapu aina ya Peugeot 504, ile yenye nembo ya simba. Kwa miaka mingi imebeba samaki kutoka Homa Bay, ikapitia Rodi Kopany na Rongo, hadi soko la Migori. Karo yangu imetoka humo. Mwaka jana pikapu ilianza kukohoa. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri tu, lakini ikianza kupanda kutoka ziwani kuelekea Rongo ilipigapiga na kukosa nguvu. Fundi mmoja kijana akafungua boneti, akasikiliza, akasema, "Mzee, kabureta imekwisha." Babu akauza mbuzi wawili, akanunua kabureta. Safari iliyofuata pikapu ikazimika kabisa kabla ya kufika Rongo, jua la saa saba likiwaka. Barafu iliyeyuka na samaki wote wakaharibika. Jioni ile babu alisema atauza gari kwa watu wa vyuma chakavu, na mimi nilijua maana yake kwa karo ya muhula uliofuata.

Aliyetuokoa ni fundi mzee ambaye sasa hafanyi kazi nyingi kwa sababu macho yake yamefifia. Hakugusa kabureta. Alifungua kofia ya distribyuta, akatoa kijitabu cha vyuma vyembamba, akaniita. "Kijana, wewe si unasoma? Nisomee namba iliyo kwenye chuma hiki."

"Sufuri nukta sita sufuri, babu."

"Na kinapita ovyo. Palitakiwa nne. Kabureta haina kosa lolote."

Siku hiyo nilikuwa macho yake, naye akawa mwalimu wangu. Haya ninayoyaandika ndiyo aliyonifundisha, pamoja na yale niliyokwenda kuuliza kwa mwalimu wa Fizikia.

POINTI NI NINI?

Pointi ni vipande viwili vidogo vya madini vinavyogusana na kuachana ndani ya distribyuta. Kimoja kimesimama, kingine kimeshikwa na mkono wenye springi. Katikati ya distribyuta kuna mhimili unaozunguka. Kwa injini ya silinda nne, mhimili huo una pembe nne. Kila pembe ikipita husukuma kisigino cha ule mkono, na pointi hufunguka. Pembe ikishapita, springi huzifunga tena.

Sasa sikiliza kwa makini. Pointi zikiwa zimefungana, umeme wa betri wa volti 12 hupita katika koili na kujenga nguvu ya sumaku. Zikifunguka, umeme hukatika ghafla, ile sumaku huporomoka, na katika waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara ndani ya koili huzaliwa umeme mkali wa volti elfu nyingi, hata 20,000. Huo ndio unaoruka kwenye plagi na kuwasha petroli. Fikiria manati. Kuvuta mpira ni sawa na pointi kufungana, na kuachilia ni sawa na pointi kufunguka. Usipovuta vya kutosha, jiwe haliendi mbali.

Mtindo huu uliletwa na mhandisi Mmarekani Charles Kettering mwanzoni mwa karne ya 20, na magari ya petroli yaliutumia kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya vifaa vya elektroniki kuchukua nafasi yake. Magari yaliyojenga sifa katika barabara zetu mbovu ni ya wakati huo. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na jina la 504 likashinda mwaka 1975 na 1978. Magari mengi mapya hayana hata distribyuta. Ndiyo sababu fundi kijana anaweza kuwa hodari wa kompyuta ya gari na bado asijue pointi.

MWANYA UKIKOSEWA

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 6,000 katika dakika hiyo moja. Kwa safari ya saa moja ni mara 360,000! Si ajabu zikiungua na kisigino kikiliwa.

Kisigino kikiliwa, mwanya hupungua. Mwanya ukiwa mdogo, cheche huruka kwenye pointi zenyewe, zinaungua, na gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi. Mwanya ukiwa mpana, pointi hufungana kwa muda mfupi mno na koili haipati nafasi ya kujaa. Injini ikizunguka polepole huoni kitu, lakini ikikazwa mlimani cheche hudhoofika. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa pikapu ya babu. Kumbe mtu fulani alikuwa amezipiga pointi msasa, akazirudisha kwa kukisia na jicho.

Kipimo cha Peugeot 504 ni milimita 0.40. Land Rover za zamani za petroli za silinda nne hutaka 0.35 hadi 0.40, na Datsun 1200 hutaka 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo usichukue kipimo cha gari la jirani ukaweka kwenye lako.

VIFAA

Unahitaji bisibisi (yenye sumaku ni bora), fila, kitambaa safi, petroli kidogo, grisi kidogo, pointi mpya na kondensa mpya. Fila ndicho kile kijitabu cha vyuma vyembamba vilivyoandikwa unene wake. Ukikwama njiani bila fila, karatasi nne za fotokopi zikibanwa pamoja hukaribia milimita 0.40, kwani moja ni kama 0.1. Lakini hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

HATUA ZA KUBADILISHA

1. Zima swichi, kisha ondoa waya wa hasi kwenye betri.

2. Fungua vibanio vya kofia ya distribyuta. Usichomoe nyaya za plagi, maana ukizichanganya utaongeza ugonjwa wa pili. Iweke kofia kando na nyaya zake. Vuta rota itoke kwa juu.

3. Tazama pointi za zamani. Kama moja ina kishimo na nyingine ina kilima, mara nyingi kondensa haifai. Kazi ya kondensa ni kumeza umeme pointi zinapofunguka ili cheche isiziunguze.

4. Legeza waya, toa skurubu, ondoa pointi na kondensa. Hapa polepole! Skurubu ikidondoka ndani ya distribyuta utaitafuta mpaka jioni. Fundi mzee hufunika matundu kwa kitambaa kwanza.

5. Futa pointi mpya kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kwa sababu hutoka kiwandani zikiwa na mafuta. Paka grisi kidogo sana kwenye mhimili wenye pembe, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Grisi ikizidi itarukia pointi.

6. Funga pointi mpya na kondensa mpya, lakini skurubu ya kurekebishia usiikaze bado.

7. Zungusha injini mpaka kisigino kikae juu kabisa ya pembe. Weka gia ya nne, mwenzako asukume gari polepole mahali tambarare, nawe utazame. Hapo ndipo pointi zimefunguka zaidi, na ndipo pa kupimia. Ukipima kisigino kikiwa mteremkoni mwa pembe, kipimo chako ni cha uongo.

8. Ingiza fila ya 0.40. Sogeza pointi kwa bisibisi hadi fila ipite ikigusa pande zote mbili, kama kisu kinachokata siagi baridi, isikwame na isipite ovyo.

9. Kaza skurubu, halafu PIMA TENA. Kukaza husogeza pointi. Wengi huharibu kazi hapa kwa haraka zao.

10. Zungusha injini, pima kwenye pembe nyingine tatu. Vipimo vikitofautiana sana, mhimili umelegea, na pointi mpya hazitatibu hilo. Vikilingana, rudisha rota, kofia na waya wa betri.

USISAHAU TAIMING

Ukibadilisha mwanya umebadilisha pia wakati wa cheche. Mwanya ukiongezeka, pointi hufunguka mapema; ukipungua, hufunguka kwa kuchelewa. Kwa hiyo pointi kwanza, taiming baadaye, kamwe si kinyume chake.

Fundi mzee hutumia balbu ya volti 12 tu. Waya mmoja huugusisha pale koili inapotoa waya mwembamba kwenda distribyuta, na wa pili kwenye bodi ya gari. Injini husimamishwa kwenye alama ya taiming ya kiwanda, silinda ya kwanza ikiwa tayari kupokea cheche, kisha swichi inawashwa. Distribyuta hulegezwa na kuzungushwa kufuata upande wa rota mpaka balbu izimike, halafu hurudishwa kinyume polepole. Balbu inapowaka tu, pointi zimefunguka. Kaza hapo hapo. Usiache swichi imewashwa muda mrefu bila injini kuwaka, koili itapata moto na kuharibika.

Pikapu ya babu iliwaka mara ya kwanza, na kesho yake ikapanda hadi Rongo bila kikohozi. Pointi na kondensa ziligharimu kiasi kidogo tu cha ile pesa ya kabureta. Mbuzi hawakurudi, wala samaki.

Simlaumu sana yule fundi kijana. Hakuna aliyemfundisha, naye aliona haya kuuliza. Lakini ndugu zangu, mafundi waliojifunza kazi hii kwa mikono wanazeeka na hawajaandika popote. Sisi tunaojua kuandika tukikaa kimya, gari zima litauzwa kama chuma kwa sababu ya mwanya usiozidi karatasi nne. Basi likizo ijayo, pita kwenye gereji ya karibu nawe, msalimu mzee aliyepo, umwombe akuonyeshe kazi moja. Nenda na kalamu.

Kwa leo naitua yangu hapa. Kuuliza si ujinga.